Koti la Billy

Nyuma ya kanisa,
Sarang'ombe, Kibera,
Nairobi.
14 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Jeconia, Baba Marvin,

Salamu kwanza, maana Mama hakutulea tuanze na ugomvi kabla ya kujuliana hali. Habari za huko Manchester? Mgongo wako bado unakusumbua ukiwainua wale wazee unaowatunza? Wifi yangu Kanini anaendeleaje na zamu zake za hospitali? Na Marvin, jino la mbele limeota? Mimi na Mourine wangu tuko wazima. Mvua ya mwaka huu imetuonea, mtaro umefurika mara mbili mpaka mlangoni, lakini tuko wazima na tunakula.

Nimewauliza hali kwa moyo wa kweli. Sasa nimemaliza kusalimu, na nataka ujue kwamba nina hasira nawe mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na kwenye grupu ya familia, ukishaandika wewe mkubwa wetu, kila mtu anaweka kidole gumba na mazungumzo yanaishia hapo. Mercyline, yule mwalimu wa Sunday school wa kanisa letu la Kawangware, ana binti anayekuja huko kusoma, na ndiye atakayekuletea hii. Karatasi huwezi kuikatiza. Isome mpaka mwisho, hata kama utaisoma umekunja uso.

Tarehe thelathini na moja mwezi uliopita uliandika kwenye grupu kwamba Billy ametuaibisha. Ukasema amezembea kazini mpaka mgeni akaumia, na kwamba afadhali arudi Nyakach akachunge ng'ombe wa Mama, kwa kuwa ndovu wamemshinda. Ukabandika na barua pepe ya Hifadhi ya Olmeut, zile wanazokutumia kila mwezi tangu ulipomfanya Marvin kuwa mfadhili wa yule ndovu mdogo, Tiva. "Uzembe wa mhudumu mmoja." Hayo ndiyo maneno waliyoyaandika, nawe ukayameza bila kutafuna.

Mama hana simu ya kufungua grupu, unajua. Alisomewa maneno yako baada ya ibada, na watu wamesimama pale pale wakisikiliza. Alinipigia akilia, akaniuliza mtoto wake wa mwisho amemfanya nini mnyama wa watu. Nilisingizia mtandao nikakata simu, na sababu utaiona mbele.

Wewe ulikuwa na watu wawili wa kuuliza kabla ya kuandika. Wa kwanza ni Billy mwenyewe. Wa pili ni mimi. Uliuliza barua pepe.

Sasa ngoja nikueleze kazi ya ndugu yako, kwa sababu nadhani unafikiri anashika chupa na kupigwa picha. Tiva aliokotwa kando ya mto Tiva, ndipo jina lilipotoka, akiwa amekaa siku mbili karibu na mzoga wa mama yake. Pale Olmeut walezi hubadilishana zamu ili mtoto asimzoee mtu mmoja. Lakini Tiva alipoletwa aliwakataa wote. Alikuwa akigonga kichwa ukutani. Billy akaketi naye kwenye nyasi mpaka mtoto mwenyewe akamjia, akaingiza mkonga kwapani mwake na kutulia. Tangu siku hiyo alinyonya mikononi mwake, na miezi saba yote Billy amelala kwenye kitanda cha mbao juu ya nyasi, zizi moja na ndovu, akiamka kila baada ya saa tatu kumpa maziwa. Mimi dada yake nilikuwa namwona siku mbili kwa mwezi, na siku hizo wenzake walimbembeleza Tiva anywe kidogo kwa taabu.

Wanatundika blanketi kati ya miti miwili, na mlezi husimama nyuma yake na chupa. Mtoto huegemeza mkonga kwenye blanketi kama vile ni tumbo la mama yake, ndipo anyonye. Anamjua mlezi wake kwa harufu. Lile koti la kijani wanalovaa hufuliwa huko huko hifadhini, kwa maji na sabuni isiyo na manukato, na kuanikwa pamoja na blanketi za wanyama. Koti haliji nyumbani. Mimi sikujua hayo. Nimeyajua yakiwa yameshaharibika.

Unakumbuka nilikuambia kanisa letu limepata nafasi ya kuwapeleka watoto Olmeut? Watoto wa hapa Sarang'ombe na wale wa Mercyline wa mtaa wa Kongo, huko Kawangware, arobaini na wawili kwa jumla. Jeconia, hawa watoto wamezaliwa jiji hili. Wageni wanapanda ndege kutoka huko kwenu kuja kuona wanyama wetu, na mtoto wa hapa anamjua ndovu kwa kitabu cha shule tu. Walipoambiwa wataenda Jumamosi, Mourine alilala na viatu. Na mimi nilijivuna, nakuambia ukweli. Nilimwambia kila mtu kanisani kwamba mlezi watakayemwona ni ndugu yangu wa damu.

Alhamisi ya wiki hiyo Billy akaja likizo yake ya siku moja. Mvua ilikuwa imemkuta, akaja amevaa lile koti. Akalitundika kwenye msumari, akalala mpaka Ijumaa saa nane mchana. Nami nililitazama lile koti. Lilikuwa na matope, maziwa yaliyokauka, kamasi za ndovu begani, na harufu ya kukufanya ufungue dirisha.

Unajua kazi yangu. Mimi ni mama fua, miaka kumi na tano nafua nguo za watu Kilimani na Lavington, na hakuna aliyewahi kunirudishia shuka. Nguo chafu ikining'inia mbele yangu mikono inawasha. Nikalichukua. Nikaliloweka kwenye sabuni ya unga, nikalisugua kola kwa brashi, nikalisuuza mara tatu. Mwisho nikalitia yale maji ya kulainisha nguo, yenye harufu ya maua, ambayo mwajiri wangu mmoja alinipa chupa ikiwa nusu na nikawa nayahifadhi kwa ajili ya Pasaka. Nikalikausha juu ya jiko, nikalipiga pasi ya makaa mpaka mikono ikasimama mistari. Nilitaka ndugu yangu aonekane mtu mbele ya watoto wetu na mbele ya wageni.

Ndiyo, Jeconia. Ni mimi.

Asubuhi ya Jumamosi Billy alilichukua lile koti, akalinusa. Akanitazama. Nilikuwa nimesimama pale nikitabasamu kama mjinga, nikingoja sifa. Akasema, "Umeing'arisha, Seli. Asante." Akatoka. Baadaye Wepukhulu, mlezi mkuu wao, aliniambia alimwona kabla ya kazi akilisugua lile koti kwenye vumbi na mavi ya ndovu, kama mtu anayejaribu kufuta kitu. Koti la akiba halikuwepo, yaliyokuwepo yote yalikuwa kambani, mabichi kwa mvua. Alinihurumia mimi, ndiyo maana hakuniambia kitu. Laiti angenipigia kelele!

Tukafika saa nne. Watoto waliingizwa bila malipo kwa sharti moja, kwamba wapigwe picha wakiwa wameshika kitambaa chenye jina la hifadhi. Hilo walilifanya vizuri, waliwapanga kwa kimo na kuwaambia wacheke. Baada ya picha, saa ya maziwa ilipofika, watoto walikimbilia kwenye kamba kama watoto wanavyokimbia. Meneja akanijia.

"Madam, toa hao watoto hapo mbele. Wageni hawaoni."

"Na sisi ni nani?" nikamuuliza.

"Nyinyi mmekuja bure. Tafadhali."

Tafadhali hiyo bado inanikereketa kooni. Tukawarudisha nyuma, arobaini na wawili, wakawa wanaona migongo na kofia. Mercyline aliwabeba wadogo mmoja mmoja begani, kila mmoja akihesabiwa mpaka kumi, ili naye aone sikio la ndovu. Mtoto ametoka Kongo na furaha yake yote, anafika anatazama suruali za watu. Hivi ndivyo tunavyoonyeshwa wanyama wetu, Jeconia. Hilo halimo kwenye barua zao za kila mwezi.

Nami niko mrefu, niliona kila kitu. Tiva alitoka kwenye kichaka akikimbia na masikio yamefunguka, moja kwa moja kwa Billy. Billy alikuwa ameshika chupa. Tiva akafika, akanyoosha mkonga kwapani mwake kama kawaida, akasimama ghafla. Akanusa tena. Akarudi nyuma hatua tatu na kupiga ukelele ambao sikujua mtoto wa kiumbe chochote anaweza kuutoa. Billy akavua koti na kulitupa, akamwita kwa jina, polepole. Mtoto alikuwa anaanza kutulia. Nakuapia, alikuwa anaanza kutulia.

Ndipo mgeni mmoja, mwanamume mwenye kofia pana, akavuka kamba na simu yake mkononi apigwe picha na ndovu anayelia. Akamshika ndovu mgongoni kwa nyuma. Tiva akageuka, akamwangusha, mkono ukavunjika.

"Teacher, huyo mzungu ameruka kamba!" msichana mmoja wetu alipaza sauti kutoka begani kwa Mercyline. Watoto tunawaambia kila siku wasiruke kamba za watu. Waliliona hilo kabla ya sisi wakubwa.

Meneja aliokota koti, akalinusa, akauliza mbele ya wote, "Nani aliosha hii kitu?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nilifungua mdomo, Jeconia, na sauti haikutoka, kwa sababu watoto wote walikuwa wananitazama na nilikuwa nimeliambia kanisa zima kuhusu ndugu yangu.

"Ni mimi, sir," Billy akasema. "Niliosha mwenyewe. Sikufikiria."

Alifukuzwa kabla basi letu halijageuza. Kuhusu kamba hakuna aliyeuliza, na kwenye barua pepe yao kamba haimo, wala mgeni aliyeivuka. Kuna koti tu, na mhudumu mzembe. Jumatatu nilienda peke yangu niseme ukweli. Askari wa geti akaniambia meneja ana wageni. Nikakaa kwenye jiwe mpaka saa tisa. Nikaacha karatasi niliyoandika, na nilipokuwa naondoka nilimwona askari akiifutia kiti chake kilichokuwa kimelowa mvua. Hiyo ndiyo thamani ya neno langu pale.

Billy naye hakukaa kulia. Jumatatu hiyo hiyo alienda Kawangware kubeba mawe ya mjengo. Jioni aliporudi nikanyoosha mkono anipe shati nilifue, kama siku zote. Akasema, "Wacha tu, nitafua." Mara ya kwanza maishani mwake, Jeconia. Mimi ndiye niliyemfulia nepi zake Mama akiwa sokoni. Akalala na shati lake, Jumanne akarudi nalo mjengoni.

Jumanne hiyo jioni gari la hifadhi lilisimama huku juu barabarani, na dereva, jina lake Kagiri, akateremka kwa miguu akiuliza nyumba yetu. Nilidhani wamekuja kumwita Billy. Nilikimbia kumtolea kiti.

"Siz, mimi ni dereva tu, usinikasirikie," akaniambia bado amesimama. "Huyo mtoto hajashika chupa tangu Jumamosi. Anaisha. Nimetumwa nguo ya Billy, yoyote, yenye haijaoshwa."

"Na Billy mwenyewe?"

Akaangalia viatu vyake. "Wamesema asikanyage huko. Jina yake iko kwa mawakili wa huyo mgeni."

Hapo nilipandwa na kitu. Nilimwambia, "Mnataka jasho yake, na yeye mwenyewe hamumtaki? Rudi uwaambie hata soksi hawapati!" Majirani walitoka. Sijali. Na isitoshe hakukuwa na kitu cha kumpa, maana nyumba hii ni yangu na kila kitambaa ndani yake nilikuwa nimekifua. Tangu Jumamosi nilikuwa nafua tu, sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilifua mpaka pazia.

Billy alitokea mlangoni wakati huo, anatoka mjengoni, saruji mpaka kwenye kope. Alisikia yote. Akaanza kufungua vifungo vya shati lake, lile la mistari, lenye kifungo kimoja cheusi.

"Usiwape!" nikamwambia. Nilimshika mkono kabisa.

"Seli, wacha. Tiva hajafukuza mtu kazi."

Akalivua, akalikunja, akampa Kagiri. Akamwambia walifunge juu ya blanketi, upande wa kushoto, kwa sababu hapo ndipo anapopenda kuweka mkonga, na wamwimbie kitu polepole asiogope. Kisha akaingia ndani kifua wazi na kuomba maji ya kuoga. Kagiri alikuwa analia, na mimi nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu, sikujua nani.

Tiva alinyonya siku ile ile. Wepukhulu alipiga simu kutuambia. Billy alisema, "Sawa," akalala. Hawajamwita. Kila asubuhi anaenda mjengoni.

Sasa nakuja kwako. Jumatatu iliyopita ulituma kwenye grupu video ya hifadhi, Tiva akinyonya, na maneno yako chini: "Hawa ndio watu wanaojua kazi. Billy ajifunze." Ukaweka na mioyo mitatu. Billy aliitazama mbele yangu. Alirudia kuitazama mara ya pili, kisha akanirudishia simu.

Ifungue tena hiyo video. Usiangalie uso wa Tiva, najua ni mzuri. Angalia mkonga wake umeegemea wapi. Juu ya blanketi, kushoto, kuna shati limefungwa kwa mikono yake lenyewe. Mistari ya bluu na nyeupe. Sogeza karibu uone kifungo cha pili kutoka juu, ni cheusi, mimi ndiye niliyekishona cheupe kilipopotea. Shati hilo ulilinunua wewe, huko huko Manchester, ukamtumia Krismasi iliyopita, ukaandika kwenye kadi kwamba ni la kuvaa kazini.

Sitaki unipigie kuniomba radhi. Mimi nina dhambi yangu, nitaibeba. Mama nimeshamwambia ni mimi niliyefua, na kanisani nitasimama kesho niseme. Lakini wewe una kitu ambacho mimi na Billy hatuna. Wewe ni mfadhili. Karatasi yangu ilifuta kiti, yako itasomwa. Waandikie kwa Kiingereza chako kizuri kwamba dada yake ndiye aliyefua koti, kwamba mgeni alivuka kamba, na kwamba watoto arobaini na wawili waliona. Waulize shati ni la nani. Na kwenye grupu, pale pale ulipoyaandika yale maneno, yaondoe kwa maneno mengine, ili Mama asomewe tena mbele ya watu wale wale.

Nisalimie Wifi Kanini sana, mwambie kitenge chake kimepatikana, binti wa Mercyline anakileta. Mpe Marvin busu, na umwambie ndovu wake alilelewa na baba yake mdogo, anaitwa Billy. Wepukhulu na Mercyline wanakusalimu. Billy hajui naandika, lakini angejua angesema nikusalimie. Mungu awalinde kwenye barabara za huko, aupe nguvu mgongo wako, na aulainishe moyo wako kabla hujafika mwisho wa karatasi hii.

Wako nikupendaye hata nikiwa na hasira,
dada yako Seline.

Nimesahau hili. Shati hawajalirudisha. Ukimtumia lingine, mshonee jina lake mgongoni kwa herufi kubwa, ili siku wakilitundika tena kila mtu alisome.